Kalunguyeye Si Nungunungu: Uhakiki wa Istilahi za Mchezo wa Sonic the Hedgehog

Ipo imani miongoni mwa baadhi ya wafasiri wetu kwamba mambo ya burudani hayahitaji istilahi. Husemwa kwamba istilahi ni za sheria, uganga, uhandisi na utawala. Ama michezo ya watoto, hiyo itajitafutia maneno yenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuipinga imani hiyo kwa kuchunguza kazi moja tu, nayo ni mchezo wa video uitwao Sonic the Hedgehog, uliotolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1991.

Tumeichagua kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi nzuri, inayostahili kuhakikiwa kwa makini kama tunavyohakiki tamthilia au riwaya. Pili, ni kazi ambayo karibu haina maneno. Kwa hiyo maneno tunayoyatumia kuieleza kwa Kiswahili ni yetu wenyewe, na yakiwa mabaya hatuwezi kumlaumu mtunzi. Hoja yetu ni kwamba kila istilahi ni hukumu. Anayekipa kitu jina amekwisha kusema kitu hicho ni cha namna gani na hufanya kazi gani. Akikosea jina, wasomaji wake wataikosa kazi nzima.

1. Kazi yenyewe

Haifai kuhukumu istilahi za kitu kisichojulikana, kwa hiyo tuanze na maelezo. Mashine ya kuchezea mchezo huu, ambayo huunganishwa na televisheni, iliuzwa kwanza Japani mwaka 1988 kwa jina la Mega Drive. Ilipofika Amerika ya Kaskazini mwaka 1989 iliitwa Genesis, na Ulaya ilifika mwaka 1990 kwa jina lake la awali. Hapa tayari pana funzo kwa mfasiri. Genesis ni jina la biashara. Anayeandika "Mashine ya Mwanzo" ametafsiri kisichotafsiriwa, tena amempeleka msomaji kwenye Biblia pasipo sababu. Kitu kimoja kikiwa na majina mawili ya biashara, yaandikwe yote mawili mara ya kwanza, kisha mfasiri achague moja na kulishika hadi mwisho.

Siku hizo soko la michezo ya video lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Nintendo, ambayo mhusika wake, Mario, alikwisha kujulikana katika nchi nyingi. Sega nao walitaka mhusika wa namna hiyo, yaani kiumbe ambaye mtu akimwona tu ataikumbuka kampuni. Kazi ilifanywa hasa na watu watatu: Yuji Naka aliyeandika programu, Naoto Ohshima aliyemchora mhusika, na Hirokazu Yasuhara aliyepanga njia na vikwazo. Muziki ulitungwa na Masato Nakamura wa bendi ya Dreams Come True. Mchezo ulitoka Amerika ya Kaskazini mwezi Juni 1991 na Japani mwezi Julai mwaka huo huo.

Hadithi yake ni fupi. Mwanasayansi mnene mwenye masharubu amewakamata wanyama wadogo na kuwafungia ndani ya mashine zinazotembea. Kiumbe wa rangi ya buluu, aliyevaa viatu vyekundu, hukimbia, huruka na kuzivunja mashine hizo, na kila moja inapovunjika mnyama hutoka akaenda zake. Maeneo ni sita, kila eneo lina sehemu tatu, na baada ya yote kuna pambano la mwisho. Kila sehemu sharti imalizwe kabla ya dakika 10 kutimia.

Mchezaji hushika mkononi kidude chenye kibonyezo cha mielekeo na vitufe vitatu, na vitufe vyote vitatu humfanyia kazi moja tu, nayo ni kuruka. Hapewi maelezo yoyote. Juu ya skrini, upande wa kushoto, yameandikwa maneno matatu ya Kiingereza, yaani alama, muda na pete. Nayo yameachwa katika Kiingereza hata kwenye toleo la Japani. Pete zikiisha, neno lake huanza kuwaka jekundu. Zaidi ya hapo mchezaji hufundishwa na ardhi yenyewe. Katika eneo la kwanza, liitwalo Green Hill, yaani Kilima cha Kijani, maadui wa mwanzo huja mmoja mmoja, polepole, ili mchezaji apate nafasi ya kujaribu. Aghalabu njia ni zaidi ya moja: ya juu ni ya kasi lakini yataka ustadi, na anayeteleza kutoka huko hafi, bali huangukia njia ya chini yenye miiba na mitego mingi zaidi. Huu ni ufundishaji ambao mwalimu yeyote atauheshimu. Mwanafunzi akikosea hafukuzwi darasani. Hupewa njia ndefu.

2. Mnyama na jina lake

Tuje sasa kwenye kosa kubwa kuliko yote, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Mhusika huyu mara nyingi huitwa kwa Kiswahili "nungunungu". Tunasema wazi kwamba jina hilo si lake.

Wanyama hawa wawili ni tofauti, na Kiswahili kinawatofautisha. Nungunungu, au nungu, ni mgugunaji mkubwa mwenye miiba mirefu yenye mabaka meusi na meupe. Wakulima wanamjua sana kwa sababu hufukua mihogo na kuharibu mahindi. Anapotishwa huisimamisha miiba yake, huitikisa ikalia, na akibanwa humrudia adui kinyumenyume ili amchome. Kalunguyeye ni mnyama mdogo, anayetosha katika viganja viwili, mwenye miiba mifupi mgongoni; chakula chake hasa ni wadudu, wala hana undugu wa karibu na wagugunaji. Yeye anapotishwa hufanya jambo moja: hujikunja akawa mviringo kama mpira, miiba nje, tumbo na uso ndani. Neno la Kiingereza lililomo katika jina la mchezo ni la huyu wa pili.

Huenda msomaji akauliza tofauti hiyo ina maana gani katika mchezo wa watoto. Jibu ni kwamba mchezo wote umejengwa juu yake. Naka alianza na programu ya kukiendesha kitu kwa ulaini juu ya njia iliyopinda; na walipotafuta mhusika wa kukimbia namna hiyo, wazo mojawapo la mwanzo lilikuwa sungura mwenye masikio marefu ya kukamatia na kurushia vitu. Wasomaji wetu, waliolelewa na hadithi za Sungura, wangempokea kwa furaha. Wazo hilo liliachwa, kwa kuwa mhusika anayesimama kila mara ili akamate kitu anaukatiza mwendo. Akatafutwa mnyama ambaye mwili wake wenyewe ni silaha, asiyehitaji kusimama ili apigane. Ndipo akapatikana mnyama ajikunjaye.

Matokeo yake ni kanuni moja nyepesi inayoutawala mchezo. Shujaa akiwa amesimama au anakimbia kwa miguu, adui akimgusa humwumiza. Akiwa amejikunja, yeye ndiye anayemwumiza adui. Anaporuka hujikunja, anapokimbia, mchezaji akibonyeza kibonyezo upande wa chini, hujikunja akaviringika. Basi kitufe cha kuruka ndicho pia kitufe cha kupigana, na ndiyo sababu kitufe kimoja kinatosha.

Sasa mwalimu awaambie wanafunzi wake kwamba shujaa huyu ni nungunungu. Mwanafunzi anayemjua nungunungu atangoja aone miiba ikitikiswa na adui akichomwa kinyumenyume. Hataona hata kimoja. Ataona nungunungu akijigeuza mpira, jambo ambalo hajapata kulishuhudia, naye atadhani ni uchawi wa Wajapani. Mwambie ni kalunguyeye, na mara moja kanuni ya mchezo inajieleza. Neno moja sahihi limefanya kazi ya ukurasa mzima wa maelezo.

Ni haki tuseme kwamba kosa hili lina kisingizio. Ohshima alimchora mhusika wake kwa miiba mikubwa iliyolala nyuma ya kichwa, na anayetazama picha pasipo kutazama mwendo atakumbuka miiba mirefu ya nungunungu. Lakini mfasiri hafasiri picha peke yake. Isitoshe, Wajapani wenyewe humwita mnyama huyu kwa jina linaloungwa na maneno mawili, sindano na panya, ingawa si panya. Wao wamekubaliana juu ya jina hilo na hawalichanganyi na lile la nungunungu, ambaye ana jina lake mbali. Sisi pia tunayo majina mawili. Lililobaki ni kuyatumia.

Na hapa pana jambo zito kuliko mchezo. Kalunguyeye si mnyama wa kigeni. Aina mojawapo ya wanyama hao huishi katika nchi za savana za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Tangu filamu ya mhusika huyu ilipotoka mwaka 2020, watoto wengi zaidi wamemjua kwa sura. Tukimwita nungunungu, mtoto atamjua mnyama wa buluu wa kwenye skrini na asijue kwamba ndugu yake hupita usiku nyuma ya nyumba ya babu yake, wala kwamba babu analo jina lake. Neno la Kiswahili litakuwa limekufa, na waliolizika ni wafasiri.

Tatizo halikomi hapo. Katika mchezo uliotoka mwaka 1994 aliongezwa mhusika mwekundu, Knuckles, ambaye ni mnyama wa Australia na Guinea Mpya, mwenye miiba, anayetaga mayai ingawa hunyonyesha. Kiswahili hakina jina la asili la mnyama huyo. Aliyekwisha kulitumia "nungunungu" kwa wa kwanza atamwita nani wa pili? Tunashauri aitwe ekidna, kwa kufuata jina litumikalo katika elimu ya wanyama. Heri neno la kukopa kuliko kuwabebesha wanyama watatu jina la mmoja.

3. Kurukia, si jukwaa wala mbio

Kiingereza huuweka mchezo huu katika aina inayopewa jina kutokana na neno lenye maana ya jukwaa. Wafasiri wengine wameandika "mchezo wa jukwaa" au "mchezo wa majukwaa". Tunawaomba waache. Katika Kiswahili, mchezo wa jukwaani ni mchezo wa kuigiza. Mwanafunzi wa sekondari akisikia maneno hayo atakumbuka Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, na ana haki ya kukumbuka hivyo. Maneno hayo yana wenyewe.

Tena, ndani ya mchezo wenyewe hamna jukwaa. Kuna kingo za miamba zinazobomoka zikikanyagwa, madaraja ya magogo, vipande vya ardhi vinavyoelea hewani, na mawe yanayoelea juu ya ziwa la lava. Vitu hivi havifanani kwa umbo. Vinafanana katika jambo moja, kwamba mchezaji huruka ili atue juu yake. Kwa hiyo tuache kutafuta jina la kitu, tutafute jina la tendo.

Kiswahili kinatupa tendo hilo pamoja na kiambishi chake. Kuruka ni kuondoka ardhini. Kurukia ni kuruka ili kufikia kitu. Lakini kurukia ni pia kumvamia: paka humrukia panya. Kauli hii moja ya kutendea inabeba mambo mawili ambayo mchezaji hufanya toka mwanzo hadi mwisho, kuurukia ukingo na kumrukia adui. Neno la Kiingereza halibebi hata moja kati ya hayo. Basi tunapendekeza "mchezo wa kurukia", na tunaamini kwamba katika jambo hili lugha yetu imeshinda lugha iliyotuletea dhana.

Wapo watakaosema kwamba mchezo huu uitwe "mchezo wa mbio", kwa kuwa sifa yake kubwa, iliyotumiwa hata katika kuutangaza, ni kasi. Pendekezo hili lina uzito zaidi, na ili kulijibu hatuna budi kuihakiki kazi kwa undani.

Ni kweli kwamba shujaa hukimbia sana. Lakini angalia namna anavyoipata kasi. Kwenye ardhi tambarare huanza taratibu. Kwenye mteremko, akijikunja, kasi huongezeka. Nayo kasi hiyo huingia nayo kwenye mwinuko unaofuata, ikampandisha mahali ambapo kwa miguu asingefika, au ikamzungusha ndani ya njia iliyojipinda kama kitanzi hadi kichwa kikawa chini na miguu juu. Akiingia bila kasi ya kutosha, huanguka. Kwa maneno mengine, kasi haitoki katika kitufe. Hutoka katika kuijua ardhi. Mchezo ulipochezwa kwenye mashine za Ulaya, ambako picha hubadilika mara 50 kwa sekunde badala ya mara 60, ulikwenda taratibu zaidi kwa kadiri ya sehemu moja ya sita, na muziki nao ukapungua mwendo. Hata hivyo wachezaji wa Ulaya waliusifu kwa kasi kama wenzao wa Marekani. Kilichowafurahisha ni uhusiano wa mteremko na mwinuko, ambao haukubadilika.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mchezo si ya mbio hata kidogo. Mara baada ya Green Hill huja Marble, eneo la magofu, ambako shujaa husukuma mawe, hungoja vyuma vyenye miiba vipande na kushuka, na husafiri juu ya lava akiwa amesimama wima kama abiria wa kivuko. Eneo la nne huitwa Labyrinth, ambalo kwa Kiswahili ni mzingile. Huko maji hupunguza kila mwendo, na shujaa sharti atafute mapovu ya hewa kabla tarakimu zinazohesabu kurudi nyuma hazijafika sifuri. Wahakiki wengine huona maeneo haya mawili kuwa dosari, wakidai kwamba yanavunja ahadi ya kasi. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Marble humfundisha mchezaji subira mapema, kabla hajazoea kukimbia ovyo, na baada ya Labyrinth lile eneo la tano, Star Light, lenye barabara za usiku na miteremko mirefu, hupendeza mara mbili kwa sababu mchezaji ametoka majini. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Dosari za kweli ziko kwingine. Ya kwanza ni upana wa picha. Skrini ina nukta 320 kwa 224 tu, na shujaa anapokimbia kwa kasi kubwa mchezaji hawezi kuona adui au miiba mapema ili ajihadhari. Hapo mchezo hudai jambo ambalo hauwezeshi, na mchezaji hupona kwa kukumbuka makosa ya jana, wala si kwa kuona. Ya pili ni miiba iliyotegwa ardhini. Shujaa akiumizwa hupepesa kwa muda mfupi, na katika muda huo maadui hawamdhuru. Lakini akiangukia miiba angali anapepesa, hafai kitu, hufa papo hapo. Kanuni ambayo mchezo wenyewe umeifundisha huvunjwa na mchezo wenyewe. Huo ni udhaifu wa utungaji, nao unastahili kutajwa.

Kwa sababu hizi "mchezo wa mbio" haufai. Jina hilo litwae michezo ya magari na farasi. Kasi ni ujira wa mchezo huu, na kurukia ndiyo kazi.

4. Roho, pete na vito

Mchezaji huanza na nafasi tatu za kufa. Kiingereza huziita kwa neno lenye maana ya maisha, na tumeona "maisha matatu" yakiandikwa. Lakini maisha katika Kiswahili ni mwenendo mzima wa kuishi, tangu kuzaliwa hadi kufa. Ndiyo maana tunasema maisha ni magumu, au maisha ya mjini. Hayahesabiki moja, mawili, matatu. Kinachohesabika, nacho ndicho kinachomtoka mtu anapokufa, ni roho. Husemwa fulani ana roho ya paka, maana haimtoki upesi. Basi iandikwe "roho tatu", na anapokufa isemwe "amepoteza roho moja". Mzee wa kijiji ataelewa bila kuelezwa.

Kuhusu pete, pana mjadala wenye faida. Vitu hivi vya dhahabu vimetapakaa njiani, na kila kimoja ni kikubwa mno kisiweze kuwa cha kidole. Kiswahili hutofautisha pete ya kidole, bangili ya mkono na kikuku. Na mafundi wa magari wana ringi za pistoni. Je, tuseme bangili? Tumeamua kubaki na pete, na sababu yetu inatokana na kazi yake. Shujaa mwenye pete hata moja, adui akimgusa, hafi. Pete humwagika chini, zisizozidi 32, naye ana sekunde chache tu za kuziokota kabla hazijatoweka. Asiye na pete hufa. Pete basi ni kinga, na msikilizaji wa ngano za Kiswahili anaijua pete inayomlinda mwenyewe. Bangili ni pambo tu. Akifikisha pete 100 huongezewa roho moja. Na akimaliza sehemu ya kwanza au ya pili ya eneo akiwa na pete 50, pete kubwa hutokea, naye akiirukia huingia mahali pa siri panapotafutwa kito.

Vito hivyo ni sita, na Kiingereza huviita kwa jina la zumaridi. Lakini zumaridi ni jiwe la kijani, na katika vito hivi sita kimoja tu ndicho cha kijani. Vingine vina rangi zao. Watunzi wana uhuru wa kubuni ulimwengu ambamo zumaridi ni nyekundu. Mfasiri wa hadithi na afuate, aandike zumaridi, maana hilo ni jina ndani ya hadithi. Anayeeleza mchezo katika kitabu cha mafunzo au katika orodha ya bidhaa aandike vito, ili asimfundishe mtoto elimu ya madini iliyo ya uongo.

5. Bosi ambaye ni mfanyakazi

Mwishoni mwa kila eneo, isipokuwa la mwisho ambalo lina utaratibu wake, yule mwanasayansi huja mwenyewe katika chombo chake ili apigane. Wachezaji wa Kiingereza humwita adui wa namna hiyo kwa neno ambalo Kiswahili kimelikopa kuwa bosi. Vijana wetu nao husema "kumpiga bosi". Maofisa wanaosoma makala haya wataelewa kwa nini hatupendekezi usemi huo uingie katika vitabu vya shule. Bosi ni mkubwa wa kazi. Mwanasayansi huyu hamwajiri shujaa, wala shujaa hajagoma.

Kuna kichekesho zaidi. Katika matoleo ya Kiingereza mwanasayansi huyu aliitwa Robotnik, neno ambalo katika Kipolandi lina maana ya mfanyakazi. Lina asili moja na neno roboti, lililoenezwa na tamthilia ya mwandishi Karel Čapek wa mwaka 1920 kutokana na neno la Kicheki la kazi ya shokoa. Kwa hiyo anayesema "bosi Robotnik" amesema bosi Mfanyakazi. Japani mtu huyo huyo aliitwa Eggman, yaani Mtu-yai, kwa umbo lake. Na tangu mchezo wa Sonic Adventure, uliotoka Japani mwaka 1998, majina yote mawili yaliletwa pamoja. Mfasiri afuate toleo alilonalo. Kwa cheo chake katika mchezo, tunapendekeza "adui mkuu wa eneo", na kwa pambano la mwisho, "adui wa mwisho".

6. Mapendekezo

Ni kweli kwamba istilahi hizi zimechelewa. Katika Tanzania Bara utangazaji wa televisheni ulianza mwaka 1994, miaka mitatu baada ya mchezo huu kutoka. Na Sega wenyewe waliacha kutengeneza mashine za michezo mwaka 2001. Vizazi viwili vimecheza na kuzungumza kwa maneno ya kuokota, na baadhi ya maneno hayo yamekwisha kukaa. Gemu ni mojawapo. Hatuoni haja ya kupigana nalo katika mazungumzo na katika maandishi ya vijana. Ila kwa kuwa watangazaji wa mpira hulitumia pia kwa mechi, katika hati rasmi iandikwe mchezo wa video. Kifaa kiandikwe mashine ya michezo ya video.

Yanayobaki ni haya: kalunguyeye kwa mnyama wa jina la mchezo, ekidna kwa yule wa Australia, mchezo wa kurukia kwa aina, eneo kwa kila nchi ya mchezo, na sehemu kwa vipande vyake, roho kwa nafasi za kufa, pete, vito au zumaridi kwa kadiri tulivyoeleza, adui mkuu badala ya bosi, na mhusika-nembo kwa kiumbe ambaye kampuni humtumia kujitambulisha. Hatupendekezi "kiwango" kwa eneo wala kwa sehemu, kwa kuwa kiwango ni kadiri ya ubora au wingi, na mchezaji aliyeko Labyrinth hana kiwango cha juu kuliko aliyeko Marble. Amefika mbali zaidi tu.

Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, hasa kalunguyeye, na watuandikie kama wanafunzi wanalo jina jingine la mnyama huyo katika lugha za nyumbani kwao. Wafasiri wa filamu na wa vitabu vya watoto tunawaomba wasingoje orodha rasmi ili waache kuandika nungunungu. Maoni yatakayotufikia kuhusu roho na mhusika-nembo, ambayo tunatarajia yatapingwa, tutayazingatia kabla maneno hayo hayajapelekwa katika kikao cha kusanifisha.